Kijana Mwenye Usonji Anapoelekea Utu Uzima: Mwongozo wa Kukabidhi Majukumu Kidogo Kidogo

Asubuhi moja, kijana wangu akiwa na miaka 15, nilizunguka nyumbani na daftari mkononi nikiandika kila nilichomfanyia tangu anaamka hadi anatoka mlangoni. Nilimwamsha. Nikafungua maji na kuyapima kwa kiganja. Nikamwekea dawa kwenye mswaki. Nikamtolea nguo na kuzipanga kwa mfuatano wa kuvaa. Jirani alipomsalimu na kumuuliza anakwenda wapi, nikajibu mimi kabla hajafungua kinywa. Nilipohesabu, yalikuwa mambo 27. Karibu nusu yake alikuwa anayaweza, ila hakuna aliyewahi kumwachia.

Tangu siku ile nimeona kwamba kuvuka kwenda utu uzima ni suala la kukabidhiana. Kitu kinatoka mikononi mwa mzazi kinaingia mikononi mwa kijana, kimoja baada ya kingine, kwa miaka. Na mara nyingi ugumu uko upande wa anayeachia.

Usonji wenyewe (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano, hauishi mtu akitimiza 18. Kinachoisha ni huduma: shule inafunga milango, kliniki ya watoto inasema amepita umri, misaada iliyohesabiwa kwa watoto inakatika. Yote haya hutokea ndani ya miezi michache, kwa kijana ambaye mabadiliko madogo tu yanamtikisa. Ndiyo maana nashauri kuanza akiwa na miaka 12 hadi 14. Nchini Marekani sheria ya elimu maalumu inaitaka shule iwe imeandaa mpango wa kuvuka mwanafunzi anapofikisha miaka 16, lakini kwa maoni yangu hapo umeshachelewa. Kama kijana wako ana 19 na hujaanza, anza leo. Hatua ni zilezile.

Na kabla ya kuendelea: usidhani haya yanawahusu wanaozungumza na kusoma pekee. Kijana asiyezungumza, anayehitaji msaada kuoga na kula, naye anakua. Kwake kukabidhi kunaweza kuwa kuchagua shati kati ya mawili, au kuamua nani amuogeshe. Huo nao ni utu uzima.

Hatua ya 1: Daftari lenye safu tatu

Chora safu tatu: "Nafanya mimi", "Tunafanya wote", "Anafanya mwenyewe". Kwa siku 7 andika kila kazi inayohusu maisha yake na uiweke kwenye safu yake. Usisahau kazi zisizoonekana kwa macho: kukumbuka tarehe ya kliniki, kugundua sabuni inakaribia kuisha, kuamua kwamba leo kuna baridi avae sweta. Hizi za kukumbuka, kupanga na kuanza ndizo zinazowaangusha wengi, hata waliofaulu mitihani. Kijana anaweza kukutajia vituo vyote vya reli kwa mpangilio, kisha akasimama katikati ya chumba kichafu asijue aanzie wapi. Ukimwita mvivu hapo, umemkosea.

Mwombe mwalimu ajaze daftari lake, bila kuona la kwako. Mkilinganisha mtashangaa. Wapo wanaofunga vifungo vizuri shuleni na nyumbani wanasubiri mama. Wapo wanaopika nyumbani ambao shuleni hawajawahi kukabidhiwa hata kisu cha kukatia. Kwa vijana wengi wenye usonji, ujuzi uliofundishwa mahali pamoja haujihamishi wenyewe kwenda pengine. Inabidi uufundishe tena kule kwingine.

Kisha chagua kazi tatu tu. Mimi huchagua moja anayoitaka yeye, moja itakayoipunguzia nyumba mzigo, na moja ya usalama. Ukichukua kumi kwa mpigo, mtachoka wote na daftari litaishia kabatini.

Hatua ya 2: Muulize mwenye maisha

"Unataka kuwa nani ukiwa mkubwa?" ni swali baya kwa wengi wao. Liko mbali mno na halishikiki. Uliza la karibu: ungependa kufanya kazi umekaa au umesimama? Ndani au nje? Peke yako au na mtu mmoja? Kama maneno ni magumu, weka picha mbili mezani umwache aguse. Na ukishauliza, hesabu hadi 10 kimoyomoyo kabla ya kurudia. Wengi wanahitaji muda wa kulichakata swali, na ukilirudia haraka kwa maneno mengine umemrushia swali la pili juu ya la kwanza.

Kwa asiyeweza kujibu kwa njia hizo, tumia macho. Kwa wiki mbili andika anakwenda wapi akiachwa huru, anarudia nini, nini kinamfanya azibe masikio au aondoke. Anayepanga vifuniko vya chupa kwa rangi kila jioni anakwambia kitu kuhusu kazi anayoweza kuifurahia.

Kuanzia miaka 14 awepo kwenye vikao vinavyomjadili, hata kwa dakika 10 za mwanzo. Mwandalieni ukurasa mmoja wenye mambo matatu: ninachopenda, kinachonichosha, namna ya kunisaidia. Anaweza kuusoma, au kubonyeza kifaa kinachousoma, au kuugawa tu kwa waliohudhuria. Watu wazima mezani hubadilika ghafla mwenyewe anapokuwepo. Wanaacha kusema "hawa".

Kama anatumia ubao wa picha au tableti ya kuzungumzia, ukague leo. Nimeona kijana wa miaka 17 ambaye kifaa chake kilikuwa bado na wanyama wa shambani na nyimbo za watoto, hakina "inauma", hakina "niache", hakina "nahitaji kupumzika", wala neno moja la kukasirikia. Mtu mzima anahitaji maneno ya mtu mzima, pamoja na yale ambayo usingependa ayaseme mbele ya wageni.

Hatua ya 3: Fundisha kazi moja hadi mwisho

Nichukue kunyoa ndevu, maana ilitugharimu miezi mitatu. Tatizo la kwanza halikuwa mkono, lilikuwa mlio wa mashine. Wiki ya kwanza mashine ilikaa mezani imezimwa, akaishika na kuigusisha shavuni. Wiki ya pili ikawashwa chumba cha pili mlango umefungwa. Ya tatu ikawashwa mkononi mwake, yeye mwenyewe akiwa na uwezo wa kuizima wakati wowote. Hilo la kuizima mwenyewe ndilo lililofungua njia.

Baada ya hapo tukaivunja kazi vipande 11, kuanzia kuchomeka waya hadi kupangusa sinki, nasi tukafundisha kuanzia mwisho. Yaani mimi nilifanya vipande 10, yeye akafanya cha 11: kupangusa sinki. Alipokishika vizuri, akafanya cha 10 na cha 11. Kila siku alimaliza kazi mwenyewe, kila siku aliona shavu safi kwenye kioo kama matunda ya mkono wake. Ukifundisha kuanzia mwanzo, mwanafunzi hukwama katikati na mwalimu ndiye anayemalizia, na anachokumbuka ni kukwama.

Jihadhari na mdomo wako. Msaada wa mkono unaweza kuuondoa taratibu: ushike kiwiko badala ya kiganja, kisha uoneshe kwa kidole, kisha usimame pembeni. Picha ukutani inaweza kubaki maisha yote bila madhara; sote tunatumia kalenda. Lakini sauti ya mzazi ikisema "sasa suuza, sasa funga, sasa pangusa" inageuka kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Anasubiri aisikie. Usipokuwepo, mswaki unabaki mdomoni. Kwa hiyo dokeza kwa picha, kwa orodha, au kwa video fupi uliyoirekodi kwa simu kutokea usawa wa macho yake, mikono tu ikionekana, ili akiitazama aone kazi kama atakavyoiona akiifanya.

Halafu uharibu mambo kwa makusudi. Ndiyo, uharibu. Kijana aliyejifunza kupanda basi namba fulani kutoka kituo fulani amejifunza nusu ya safari. Siku basi linapopitia barabara nyingine ndipo utakapojua. Kwa hiyo mkiwa pamoja, kukiwa na utulivu, mwigize: basi halijaja kwa dakika 20, simu imeisha chaji, kiti chako kimekaliwa. Kila tukio liwe na kadi yake mfukoni yenye hatua zisizozidi tatu. Kadi ya kwanza tuliyoandika ilisema: "Basi limebadili njia. 1. Kaa. 2. Tuma ujumbe nyumbani. 3. Shuka mwisho wa safari usubiri." Aliitumia mara moja tu katika miaka miwili, lakini bila kadi ile asingekubali kupanda peke yake.

Fedha, upishi, kufua, kusoma saa: njia ni hiyohiyo. Sirudii.

Hatua ya 4: Mwili, mipaka na neno "hapana"

Hapa wazazi wengi hufumba macho. Mwili wa kijana hausubiri tuwe tayari. Balehe huja kwa wakati wake hata kama bado anacheza na vitu vya utotoni. Msichana aelezwe hedhi kabla haijaanza, kwa picha, kwa taulo halisi lililobandikwa kwenye nguo halisi, avae kwa saa moja azoee mguso wake. Akikataa lile la kubandika, jaribu la kitambaa au chupi maalumu za hedhi. Mvulana aelezwe ndoto nyevu na kusimama kwa uume, la sivyo ataamka amelowa na kudhani anaumwa.

Tumieni majina halisi ya viungo. Majina ya utani yana gharama: kijana akisema ameumizwa kwenye "kidude", daktari au polisi asiyemjua hataelewa.

Punyeto haifundishwi kwa kumpiga wala kumwaibisha. Kinachofundishwa ni mahali: chumbani kwako, mlango umefungwa, peke yako. Sheria ya mahali ni rahisi kueleweka, na inamkinga. Tabia ambayo mtoto wa miaka 6 anaonewa huruma kwayo, kijana wa miaka 18 anaweza kukamatwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo, kukumbatia kila mtu kunapaswa kukoma mapema, akiwa na miaka 8 au 9, wala kusingoje atakapokuwa na urefu wa mlango. Chora miduara: katikati yeye, kisha wanaokumbatiwa, kisha wanaopewa mkono, kisha wanaopungiwa, kisha wasiojulikana kabisa. Weka picha za watu halisi ndani yake na uzihamishe uhusiano unapobadilika.

Lakini lililonisumbua zaidi ni hili. Kwa miaka mingi tulimfundisha kutii. Kaa, simama, nitazame, fanya hivi. Kijana aliyezawadiwa kwa kumtii kila mtu mzima anafika miaka 18 akiwa windo rahisi, maana hajui kwamba anaweza kukataa. Fundisha "hapana" kwa makusudi, na uiheshimu anapoisema, hata inapokukera. Akisema hataki kukumbatiwa na shangazi, asikumbatiwe. Akikataa shati la bluu, libaki kabatini. Hapana ya shati ndiyo mazoezi ya hapana kubwa.

Mtandaoni ongeza kanuni mbili zisizo na "labda": haitumwi picha ya mwili, haitumwi fedha wala namba ya siri, kwa mtu yeyote, hata anayejiita rafiki. Wenye usonji wengi huchukua maneno kama yalivyo, na matapeli wanalijua hilo.

Hatua ya 5: Afya, kutoka kliniki ya watoto hadi ya watu wazima

Mwaka mmoja au miwili kabla ya kuhama, omba mambo matatu kutoka kwa daktari wa watoto: muhtasari wa maandishi wa historia yote, jina la atakayempokea, na mapitio ya dawa. Dawa kama risperidone na aripiprazole hupewa baadhi ya watoto kwa sababu ya hasira kali na kujiumiza; haziondoi usonji wenyewe, na zinaweza kuongeza uzito na kuvuruga sukari mwilini. Dawa iliyoanzishwa akiwa na miaka 9 inastahili kuulizwa akiwa na 17: bado inahitajika? Kwa kipimo hiki? Usiikatishe mwenyewe, muulize anayeiandika.

Tengenezeni karatasi ya afya ya kubeba. Upande mmoja: majina ya dawa, mzio, magonjwa, nani apigiwe. Upande wa pili: naonyeshaje maumivu, nisiguswe wapi bila kuonywa, taa au sauti gani inanitibua, mnieleze kwa maneno au kwa picha. Hilo la maumivu liandike kwa makini. Wapo wasiohisi vizuri ishara za ndani ya mwili, hata njaa au kibofu kujaa, na wapo ambao jino bovu kwao huonekana kama kujipiga kichwa. Tabia mpya ya ghafla ianze kutazamwa mdomoni, masikioni na tumboni kabla ya kuitwa utundu.

Kifafa ni cha kawaida zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na ujana ni mojawapo ya vipindi ambavyo huanza. Kutazama hewani bila kujibu, kudondosha vitu ghafla, kuamka amelowa wakati haikuwa kawaida yake: andika saa, rekodi kwa simu, mpeleke.

Kitu kingine ambacho familia nyingi huambiwa "ni balehe tu": kijana aliyekuwa na ujuzi anaanza kuupoteza. Anaacha kuongea, anakwama mlangoni, mkono unabaki hewani, anatumia saa nzima kumaliza sahani. Huenda ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Huenda ni uchovu mzito wa miaka ya kujibana afanane na wenzake shuleni, ambao dawa yake ya kwanza ni kupunguziwa mzigo. Huenda pia ni katatonia, hali ya mwili kuganda ambayo kwa baadhi ya wenye usonji huanza ujanani, na ina tiba. Usikubali kurudishwa nyumbani na neno "balehe" bila uchunguzi. Mimi nilirudishwa mara mbili.

Wasiwasi na sonona ni vya kawaida kwao, pamoja na mawazo ya kujiua, hata kwa wale wanaoonekana kujimudu. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, na umfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Pia mkabidhi chumba cha daktari. Akiwa na 13, ajibu swali moja mwenyewe. Akiwa na 15, abaki na daktari dakika tano wewe ukiwa nje. Akiwa na 17, apange tarehe mwenyewe, hata kama ni kwa ujumbe mliouandika pamoja.

Hatua ya 6: Nani anaamua?

Katika nchi nyingi, siku anapotimiza umri wa utu uzima kisheria, mzazi anapoteza haki ya kusaini kwa niaba yake. Wengine huligundua dirishani benki. Haraka haraka wanaambiwa: kaombe mahakama ikupe ulezi wa kisheria. Tulieni kwanza. Ulezi kamili unaweza kumnyang'anya mtu haki ya kuamua anakoishi, anachofanyia fedha zake, hata ndoa, na kuufuta baadaye si kazi ndogo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unasema katika Ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba nchi ziwape msaada wanaouhitaji kuutumia. Kutokana na fikra hiyo kumekua utaratibu wa uamuzi kwa msaada: mtu anachagua watu anaowaamini wamweleze, wamsomee, wampimie faida na hasara, kisha anaamua yeye. Peru ilibadilisha sheria zake kwa mwelekeo huo mwaka 2018, na jimbo la Texas nchini Marekani lilikuwa na sheria ya makubaliano ya aina hiyo tangu 2015. Muulize mwanasheria wa kwenu yapi yanawezekana kabla ya ulezi: barua ya idhini ya kuona taarifa za matibabu, uwakala wa kisheria, akaunti ya pamoja yenye kikomo. Chukua kile kidogo kinachotosha.

Hata pale ulezi usipoepukika, maamuzi ya kila siku abaki nayo. Na tafadhali, ile kauli ya "ana akili ya mtoto wa miaka 5" iwekwe kando. Mtoto wa miaka 5 hajaishi miaka 20.

Hatua ya 7: Jumatatu baada ya shule kuisha

Chora wiki yenye vyumba 21: siku 7, kila moja asubuhi, mchana na jioni. Jaza ya sasa, wakati bado yuko shuleni. Kisha futa kila kinachotokana na shule. Vyumba vilivyobaki vitupu ndiyo hali halisi itakayomkuta. Kazi yenu ni kuanza kuvijaza mwaka mmoja au zaidi kabla: nusu siku ya kujitolea, mazoezi ya kuogelea, kozi ya ufundi, kazi ya nyumbani yenye siku na saa maalumu. Shule isiishe siku moja. Ipungue huku kingine kikiongezeka.

Kuhusu kazi, usisubiri "awe tayari". Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vijana wenye ulemavu waliowahi kufanya kazi ya kulipwa wakiwa bado shuleni hupata ajira zaidi baadaye. Hujifunzi kazi darasani, unajifunzia kazini. Mpango wa Project SEARCH, ulioanzia hospitali ya watoto ya Cincinnati mwaka 1996, umejengwa hivyo: mwaka wa mwisho wa masomo kijana anaupitisha ndani ya mahali pa kazi halisi, akizunguka idara tatu, na mkufunzi yuko karibu naye. Hata kama hakuna mpango wa aina hiyo mlipo, unaweza kuiga umbo lake: sehemu tatu, wiki chache kila moja, mtu mmoja wa kumwongoza, halafu mwongozaji anarudi nyuma.

Usaili ni kikwazo kisicho na maana kwa kazi nyingi. Unapima kutazamana machoni na kujisifu, wakati kazi yenyewe ni kupanga faili. Mwombe mwajiri siku mbili za majaribio badala yake, au apeleke maswali mapema kwa maandishi. Waajiri wengi hukubali wakiombwa. Ni kwamba hakuna anayewaomba.

Kisha msaidie msimamizi kuongea kwa usahihi. "Ukimaliza hapo safisha safisha kidogo" ni sentensi tupu kwa mtu anayehitaji kujua asafishe nini, kwa kutumia nini, mpaka lini. "Kila siku saa 9:30, pangusa meza zote nne kwa kitambaa cha kijani, kisha kining'inize kwenye msumari" ni kazi inayofanyika, na itafanyika saa 9:30 miaka mitano ijayo. Mtafiti Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Mahali pa kazi utaliona hilo kila siku: msimamizi naye ana la kujifunza.

Mtu wa kwanza katika ripoti ya daktari wa akili wa watoto Leo Kanner ya mwaka 1943, ile iliyoelezea usonji kwa watoto 11, alikuwa Donald Triplett wa Forest, Mississippi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, baada ya kufanya kazi benki kwa miongo mingi, kujifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, kucheza gofu na kusafiri nchi nyingi peke yake. Huwa anatajwa kama muujiza. Mimi naona mengine: benki ile familia yake ilikuwa na hisa ndani yake, na mji ule mdogo ulimzoea tangu utoto. Si kila mzazi ana benki, ila wale watu 15 au 20 wanaomjua kijana wako kwa jina, kinyozi, dereva, muuza duka, jirani, unaweza kuanza kuwakusanya sasa.

Hatua ya 8: Nyumba yenyewe, na siku ambayo hutakuwepo

Ndugu zake waulizwe, wasipangiwe. Dada mkubwa anaweza kuwa ameshaamua kimya kimya kwamba hataolewa mbali kwa sababu "nani atamtazama". Mkalishe chini, umwambie mpango ni upi na sehemu yake ni ipi, na kwamba anaruhusiwa kusema hii naiweza, hii siiwezi.

Andika waraka wa matakwa. Hauna nguvu ya kisheria kama wosia, lakini ndio utakaosomwa usiku ule wa kwanza: analala saa ngapi, taa gani iachwe, neno gani likisemwa anatulia, dawa anazimezaje, nani asimkaribie. Uandike naye. Usasishe kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Mali umwachie kwa ushauri wa mwanasheria, maana katika baadhi ya nchi urithi ukiingia moja kwa moja kwa jina lake unaweza kumkatia misaada ya serikali, na amana ya kisheria (trust) iliyoandikwa vizuri, yaani mali inayoshikwa na mwingine kwa faida yake, huzuia hilo.

Halafu fanya jaribio. Ondoka. Saa moja kwanza, kisha jioni nzima, kisha usiku mmoja, ukiwa mzima na simu ikiwa hewani, mtu anayemjua akiwa karibu au ndani kulingana na mahitaji yake. Mambo yatakayoharibika yaharibike wakati bado uko hai wa kuyarekebisha.

Usiku wetu wa kwanza alikuwa na miaka 20. Nililala kwa dada yangu, yaani nililala kwa maana ya kujinyoosha kitandani nikiitazama simu. Saa 4 usiku ukaingia ujumbe: "Taa ya bafuni imeungua. Nimetumia tochi. Usipige simu nalala." Sikupiga. Kesho yake tulinunua taa mbili, moja ikaingia kwenye droo yake, na kwenye daftari tukaongeza mstari mpya, "kubadilisha taa", tukauweka safu ya pili.